Kupima metali nzito kwenye minyoo wa pwani: kutoka matopeni Maruhubi hadi maabara

Mnyoo wa pwani anakula tope na kulala ndani yake. Shaba, risasi, kadimi na zebaki zilizomo humo hujikusanya mwilini mwake, kisha kaa, ndege na samaki humla yeye. Ukipima tope peke yake utajua kilichopo. Ukipima mnyoo utajua kinachoingia kwenye viumbe.

Hatua ya 1: Maeneo

Chagua maeneo mawili yenye tope linalofanana. Kwa Unguja, tope la mikoko ya Maruhubi, jirani na mji na bandari ya Malindi, linganisha na la mikoko ya ghuba ya Chwaka. Usilinganishe tope na mchanga mweupe wa matumbawe, kwani metali hung'ang'ania chembe laini, hasa zilizo chini ya mikroni 63 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Uwe na kibali cha utafiti, na umwone sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, kwanza. Wachimba chambo wa hapo wanayajua mashimo kuliko ramani yoyote.

Hatua ya 2: Kuchimba

Nenda siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi. Tumia koleo la plastiki na glavu. Ndoo ya bati iache nyumbani, maana imepakwa zinki. Chukua minyoo wa aina moja na ukubwa unaokaribiana, aliyekatika mwache. Suala la aina si dogo: taya za jamii ya Nereis zina zinki kwa maumbile yake, na za Glycera zina shaba. Ukiwachanganya, utadhani umeona uchafuzi kumbe umepima meno. Chukua pia tope la pembeni mwa shimo lilelile.

Hatua ya 3: Kuwasafisha matumbo

Tafadhali usiiruke hatua hii hata kama muda umekubana. Tumbo la mnyoo limejaa tope, na ukimkausha hivyo hivyo, mashine ya kupima metali itasoma tope lile kana kwamba ni nyama yake. Hapo kazi yote imepotea, na hakuna hesabu ya kuirudisha.

Waweke kwenye maji safi ya bahari yasiyo na tope, kivulini, kwa saa 24 hadi 48. Kila mmoja awe na chombo chake, kwa sababu jamii ya Nereis hung'atana. Ondoa kinyesi na ubadilishe maji mara kwa mara, la sivyo watakila tena. Usipitishe muda huo sana: mnyoo mwenye njaa hupungua uzito, na metali nyingine huanza kumtoka. Kisha wasuuze kwa maji yaliyokenekwa na uwagandishe.

Hatua ya 4: Maabara

Vyombo vyote vilale usiku kucha kwenye asidi ya naitriki ya asilimia 10. Kausha sampuli kwa nyuzi 60 hadi uzito usibadilike, kisha saga. Zebaki huruka kwa joto, kwa hiyo sampuli zake zikaushwe zikiwa zimegandishwa, bila moto.

Pima gramu 0.5, tia mililita 5 hadi 10 za asidi ya naitriki kali, acha usiku mmoja, halafu pasha moto taratibu hadi maji yawe angavu. Fanya hivyo ndani ya kabati la kuvuta moshi tu. Moshi wake wa kahawia unaunguza mapafu. Ongeza maji hadi mililita 25, kisha yapime kwenye mashine ya kupima metali. Ili kuhakiki vipimo, kila kundi la sampuli liwe na chupa moja ya asidi tupu isiyo na sampuli, na sampuli ya rejea ambayo kiwango chake kimethibitishwa.

Hatua ya 5: Hesabu

Zidisha usomaji wa mashine kwa 25, gawa kwa 0.5. Kwa mfano, miligramu 0.8 za shaba kwa lita ni miligramu 40 kwa kilo ya mnyoo mkavu. Tope lake likiwa na 20, uwiano ni 2: mnyoo ana shaba maradufu ya tope.

Soma zinki kwa tahadhari. Nereis huidhibiti mwilini, hivyo minyoo wa Maruhubi na wa Chwaka wanaweza kulingana ilhali matope yao yanatofautiana. Kadimi haidhibitiwi namna hiyo, kwa hiyo tofauti ya maeneo itafute huko kwanza.