Mambo ya kuzingatia kabla ya kufungua kiroba cha unga wa plastiki

Matangi ya maji tunayoyaona juu ya nyumba zetu huanza yakiwa unga. Polietilini, ambayo ni aina ya plastiki, husagwa ikawa laini, ikamiminwa kwenye kalibu ya chuma, kisha kalibu ikazungushwa kwenye joto kali mpaka unga uyeyuke na kushika kuta zake. Unga wenyewe hauwashi ngozi wala haunuki, na ndiyo maana watu huuzoea upesi. Lakini unaungua, na ukitimuka hewani ndani ya jengo kisha ukakutana na cheche, hulipuka.

Kwa hiyo kabla hujagusa kiroba, tazama juu: kwenye boriti, mabomba, mapanga ya feni, na hasa nyuma ya dari. Vumbi la sakafuni hufagiwa kila jioni. La juu halina mwenyewe. Tarehe 29 Januari 2003 kiwanda cha West Pharmaceutical Services huko Kinston, North Carolina, kililipuka, watu 6 wakafa na wengine kadhaa wakajeruhiwa. Pale walikuwa wakitengeneza bidhaa za mpira, na unga wa polietilini ulitumika tu kuzuia mpira usigandane. Wachunguzi walibaini kwamba vumbi lake lilikuwa limejikusanya juu ya dari ya kuning'inia, ilhali chini, watu walipofanyia kazi, palikuwa pakisafishwa kila mara. Marekani kuna kipimo kinachotumika sana, cha milimita 0.8: vumbi lenye unene huo likitanda eneo linalozidi asilimia 5 ya sakafu, ni hatari. Kwangu mimi hapo mmeshachelewa. Kama rangi ya boriti haionekani kwa vumbi, safisheni leo.

Na msisafishe kwa upepo wa kompresa. Najua ni haraka, ila unachofanya ni kuutimua unga hewani, hali ileile inayohitajika ili ulipuke. Fagia taratibu, au tumia mashine ya kufyonza iliyotengenezwa kwa vumbi linaloungua. Ile ya nyumbani ina mota inayotoa cheche.

Umeme tuli nao haufanyi kelele. Unga ukiteleza kutoka kwenye mfuko wa plastiki huzalisha chaji, na mtu aliyevaa ndala juu ya zulia la mpira hujaa chaji pia. Hakikisha faneli, pipa na kinu vimeungwa kwa waya wa ethi, na kibanio kinang'ata chuma kitupu, si rangi. Ile mifuko mikubwa ya tani aina ya C ina nyuzi zinazopitisha umeme. Usipoifunga ethi, nyuzi hizo zenyewe zinaweza kurusha cheche. Mimina polepole. Fundi wa kuchomelea au wa grenda asianze kazi mpaka unga uondolewe na vumbi lifutwe, hata akisema ni dakika mbili tu.

Kuhusu mwili, barakoa ya vumbi na miwani vinatosha kwa kazi nyingi. Unga uliomwagika kwenye sakafu laini unateleza vibaya sana, kwa hiyo zoa kabla hujaendelea. Plastiki iliyoyeyuka ikimgandia mtu, usiibandue, maana itatoka na ngozi. Poza kwa maji yanayotiririka, kisha mpeleke hospitali na plastiki hiyo hapohapo ilipogandia.

Weka vizimamoto ambapo mtu anavifikia bila kupita kwenye moto, na wafundishe watu wasielekeze maji ya kasi kwenye rundo la unga, kwani yatautawanya. Maji ya manyunyu au povu ndiyo yanayofaa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu. Moto ukishashika stoo, tokeni nje wote na mpige simu zimamoto, kwa Tanzania ni 114.

Mwisho, wekeni wavu mwembamba kwenye mifereji ya mvua inayopita karibu na stoo. Polietilini ni nyepesi kuliko maji, itaelea mpaka baharini, na huko hakuna wa kuizoa.