Kuiandaa XTZ 125 kwa mzunguko wa Mtwara, Liwale na Kilwa: hatua kwa hatua

Mpwa wangu amepangiwa kazi Liwale. Mwezi uliopita alinijia nyumbani Chikongola na Yamaha XTZ 125 aliyoinunua mtumba, akasema, "Mjomba, nataka niende nayo kwa Masasi na Nachingwea mpaka Liwale, halafu nirudi kwa Nangurukuru na Kilwa. Nitengenezee iwe ya safari." Tuliishughulikia jioni nne. Naandika tulivyofanya kwa sababu kila wiki naletewa pikipiki iliyoanza kurembwa kwa taa na stika, wakati keria yake inaning'inia kwa nati moja.

Sevisi ya kawaida, yaani oili, plagi, breki na kebo ya klachi, ifanye kwanza. Hiyo sitaieleza.

Hatua ya 1: Pima mzigo kabla ya kununua chochote

Tandika mkeka, weka juu yake kila unachotaka kubeba, kisha pima. Tuliazima mzani wa dukani: mzigo wa kijana ulikuwa kilo 31. Tukatoa jiko la gesi, viatu jozi mbili, na boksi la spana ambazo nusu yake haziingii popote kwenye pikipiki ile. Zikabaki kilo 19. Spana chukua zile tu ulizozitumia wewe mwenyewe kufungua magurudumu yote mawili, plagi na tangi. Kama hujawahi kuyafungua, yafungue leo ukiwa nyumbani.

Hatua ya 2: Keria na mabegi

Mimi sipendi maboksi ya chuma ya pembeni, na sitakufungia hata ukinilipa mara mbili. Kwenye mchanga wetu utaanguka, hilo halina mjadala, na boksi la chuma likikulalia juu ya mguu linavunja mfupa. Tafuta fundi wa turubai, akushonee mabegi mawili ya turubai la lori yenye mshono wa pande mbili na mkanda mpana unaopita juu ya siti. Ndani ya kila begi tia mfuko mzito wa plastiki kwa ajili ya mvua.

Keria ichomelewe kwa bomba la mviringo, na ifungwe kwenye fremu sehemu nne. Ikiwa sehemu ni mbili, mtikisiko wa barabara ya vumbi utaikata pale pale kwenye weldingi. Kabla fundi hajawasha mashine, chomoa nyaya za betri na uchomoe soketi ya CDI (kile kiboksi kinachoipa plagi umeme wa cheche), kwa sababu umeme wa weldingi ukipita huko unaiua, na CDI haipatikani Liwale.

Vitu vizito vikae chini na mbele, karibu na magoti yako. Dumu la petroli la lita 5 lina takribani kilo 4. Lifunge upande usio na ekzosi, na upande wa pili weka spana na tyubu ili mizani isawazike. Usilijaze mpaka mdomoni, maana joto la mchana linayatanua mafuta na kifuniko kitavuja.

Hatua ya 3: Tairi na upepo

Chagua tairi yenye vibuko, yaani vile vinundu vya mpira, vilivyoachana wastani. Vibuko vya mashindano vitaisha kwenye lami ya Mnazi Mmoja mpaka Masasi kabla hujaugusa mchanga. XTZ ina gurudumu la inchi 21 mbele na inchi 18 nyuma. Kama nafasi ni ndogo, beba tyubu ya 21 peke yake, kwa sababu ukiikunja vizuri inaingia hata kwenye tairi ya nyuma na kukufikisha kwa fundi. Tyubu ya 18 haiwezi kukutendea hivyo mbele.

Ukiingia mchangani punguza upepo mpaka PSI 18 hivi. Usishuke chini ya 15: tairi itazunguka peke yake juu ya ringi na kung'oa vali ya tyubu. Ukirudi kwenye lami, jaza tena. Kwa hiyo pampu ya mkono si anasa.

Hatua ya 4: Umeme (soma yote kabla hujakata waya)

Hapa ndipo nilipoteza siku nzima miaka kadhaa iliyopita, kwenye pikipiki yangu mwenyewe, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Anza na hesabu. Balbu moja ya wati 55 kwenye volti 12 inakula karibu ampea 4.6. Mbili ni zaidi ya ampea 9, na koili inayochaji betri kwenye pikipiki ndogo haina nguvu hiyo. Betri ndiyo italipa, na ukifika kijijini usiku stata haitazungusha. Chukua taa mbili za LED za wati 10 kila moja. Jumla yake ni ampea 1.7 tu, na kwa mwendo wa usiku zinatosha.

Pima kwa mita. Injini ikiwa imezimwa na betri ina chaji, utaona kama volti 12.6. Washa injini, vuta mafuta kidogo: inatakiwa isome kati ya 13.5 na 14.5. Ukishafunga taa, ziwashe zote na upime tena. Ikishuka chini ya 13 huku injini inazunguka vizuri, umezidisha, ondoa kitu.

Nyaya ziende hivi. Kutoka chanya ya betri, fyuzi ya ampea 5, iwe ndani ya shubiri moja kutoka kwenye betri. Kutoka kwenye fyuzi, nenda mguu namba 30 wa rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili kupitisha mkubwa). Namba 87 uende kwenye taa. Namba 85 uende hasi. Namba 86 upokee umeme unaopatikana ufunguo ukiwashwa tu, ukipitia swichi yako ya usukanini. Wapo watakaokwambia kwa LED rilei si lazima. Ni kweli, ila mimi huiweka kila mara, kwa sababu swichi za bei nafuu huungua na hivi inabeba umeme kidogo tu. Maungio yalehemu, uyavike mpira wa kubana kwa joto. Kusokota na kuzungushia tepu, kwa hewa ya chumvi ya hapa Mtwara, hakufiki masika mawili: ukifungua unakuta shaba imegeuka unga wa kijani.

Sasa shingo ya usukani. Nilikuwa nimetoka Nachingwea naelekea Liwale, pikipiki ikazima ghafla kwenye kona. Fyuzi imeungua. Nikaweka nyingine, ikawaka, nikaenda kilomita mbili, ikazima tena kwenye kona. Nilikuwa nimechukua umeme wa taa baada ya fyuzi kubwa ya pikipiki, kwa hiyo taa zikipiga shoti na injini nayo inakufa. Kufika alasiri fyuzi zote nne za akiba zimekwisha. Mzee mmoja mwenye baiskeli alinishauri niweke kipande cha waya badala ya fyuzi. Alinionea huruma, lakini usifanye hivyo kamwe: waya hauungui, kinachoungua ni mkanda mzima wa nyaya chini ya tangi.

Kilichoniokoa ni balbu ya indiketa, ya wati 21. Chomoa taa mpya ili zisiingie kwenye hesabu. Toa fyuzi, na mahali pake unga balbu hiyo kwa nyaya mbili. Kama hakuna shoti, balbu haiwaki. Kama ipo, balbu inawaka kwa nguvu, na kwa kuwa yenyewe inauzuia umeme, hakuna kitakachoungua. Sasa zungusha usukani taratibu, huku unaitazama. Yangu ilikaa kimya usukani ukiwa katikati na kulia. Nilipoupeleka kushoto kabisa, ikawaka. Nikamulika kwa tochi ya simu nyuma ya taa kubwa: waya mwekundu ulikuwa umebanwa kati ya fremu na kile kituo cha chuma kinachozuia usukani usipitilize. Ganda lilikuwa limekatwa kama kwa wembe, na shaba inang'aa urefu wa punje ya mchele. Punje hiyo ilinilaza porini.

Kwa hiyo:

- Pitisha nyaya mpya pamoja na mkanda wa kiwandani, si njia ya mkato.
- Zivike bomba laini la plastiki sehemu yote ya shingoni.
- Kabla ya kuzibana, peleka usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Waya usivutike wala usiguse kituo upande wowote.
- Zibane usukani ukiwa umegeuzwa kabisa upande unaozivuta, si ukiwa katikati. Hili wengi hulikosea.
- Rudia mtihani huo injini ikiwa inanguruma na taa zinawaka.
- Fyuzi za akiba beba kumi, na hiyo balbu yenye nyaya zake ikae pamoja na spana.

Chaja ya simu ipe fyuzi yake peke yake.

Hatua ya 5: Spoketi na cheni

Mbele funga spoketi yenye jino moja pungufu. Utapoteza mwendo kidogo kwenye lami, lakini mchangani injini haitalia. Cheni usiipake grisi, inabeba mchanga na kujisaga. Ifute kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha paka oili nyepesi.

Hatua ya 6: Jaribu Msimbati

Pakia kila kitu kama unasafiri kweli, uende Msimbati na kurudi. Mchanga wa njia ile unatosha kukuonyesha yote. Simama baada ya kilomita 10 na ukaze kila nati uliyoigusa, halafu simama tena ukifika. Nati ya keria ya mpwa wangu, ya nyuma kushoto, ilikuwa imelegea mzunguko mmoja na nusu. Tukaibadilisha kwa nati yenye mpira ndani, tukairudia njia ile kesho yake, na haikusogea. Jumamosi alfajiri akaondoka.