Dang'a mapema, ndama akiwa na joto: mwongozo kwa wafugaji wa Bukavu

Ndama huzaliwa bila kingamwili za kutosha katika damu, kwa sababu kondo la ng'ombe haliziruhusu kupita. Anazipata kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano. Utumbo wake huzipokea vizuri katika saa chache za kwanza, kisha uwezo huo hupungua, na siku moja ikitimia umekwisha. Sisi tunaofuga milimani Kabare na Walungu tuna adui wa pili: baridi ya usiku.

Hatua ya 1: anza mimba ikiwa kubwa. Mpe ng'ombe chumvi yenye iodi. Ndama hutumia iodi ya mama yake kutengeneza homoni za tezi ya shingo, na huku Kivu iodi ni haba. Rovu, yaani uvimbe wa shingo unaoletwa na upungufu wa iodi, la watu wa kisiwa cha Idjwi lilichunguzwa na madaktari tangu miaka ya 1960. Punguza majani na maganda mabichi ya muhogo, maana sumu yake ikiingia mwilini huizuia tezi kuchukua iodi. Ila usizidishe chumvi hiyo ukidhani unasaidia. Kwa kondoo imethibitika kwamba iodi nyingi mno mwishoni mwa mimba huwafanya wanakondoo wafyonze kingamwili chache.

Hatua ya 2: mkaushe mara tu akizaliwa. Saa hizo homoni za tezi huwa juu sana katika damu yake, kwani ndizo zinazousukuma mwili uchome mafuta na kutoa joto. Ndama aliyelowa hupoteza joto hilo bure. Husimama kwa shida, hunyonya kwa ulegevu, na kingamwili huchelewa kuingia. Mwache mama amlambe, nawe msugue kwa gunia kavu mgongoni na ubavuni, umlaze juu ya majani makavu mbali na upepo. Kisha tia kidole mdomoni: ukisikia ulimi wa baridi, endelea kumpasha joto huku dang'a ikiandaliwa.

Hatua ya 3: osha kiwele, kamua, mnyweshe ndani ya saa mbili. Kipimo ni sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Ndama wa kilo 25 anahitaji lita 2.5, yaani chupa kubwa za bia za sentilita 72 tatu na nusu. Mpe tena kabla ya muda wa saa 12 kupita tangu azaliwe. Usimwinue kichwa na kummiminia kwa chupa, maziwa yataingia mapafuni. Tumia biberoni, yaani chupa yenye chuchu, shingo ikiwa imenyooka kawaida.

Dang'a iliyopoa ipashe ndani ya maji ya moto, kamwe usiichemshe, kwa kuwa moto mkali huua kingamwili.

Akizaliwa na uvimbe kooni, au manyoya machache, huenda iodi ilimpungukia: mwite veterineri awaangalie na ng'ombe wengine wenye mimba. Ndama huyo naye apewe dang'a saa hiyohiyo.