Jinsi ya Kuandaa Hoja ya Mbunge Katika Bunge la Taifa la Kenya: Kuanzia Rasimu Hadi Ripoti ya Waziri

Ibara ya 95(2) ya Katiba ya Kenya inalipa Bunge la Taifa jukumu la kujadili na kutatua masuala yanayowahusu wananchi. Hoja ya mbunge binafsi ndiyo njia ya moja kwa moja ya kulitimiza. Mwongozo huu ni wa wasaidizi wa ofisi za wabunge, na wa vikundi vya wananchi vinavyotaka kumkabidhi mbunge wao rasimu iliyokamilika badala ya malalamiko ya mdomo. Hoja zinazopitishwa kwa "Ndio" ya kishindo kisha zikasahaulika zina kasoro moja inayojirudia: sehemu ya azimio haisemi nani afanye nini, kufikia lini. Ndiyo maana Hatua ya 4 ni ndefu kuliko nyingine.

Hatua ya 1: Hakikisha unachohitaji ni hoja

Ukitaka taarifa tu, kwa mfano barabara fulani imetengewa shilingi ngapi, mbunge aulize swali au aombe kauli kutoka kwa mwenyekiti wa kamati husika. Hoja itakuchelewesha bure. Ukitaka sheria ibadilike, andaa mswada, kwa sababu azimio la Bunge haliongezi wala halifuti hata neno moja la sheria. Mwananchi asiye na mbunge wa kumsikiliza anaweza kuwasilisha ombi rasmi mwenyewe chini ya Ibara ya 119. Na kama kuna janga la leo hii, ipo hoja ya kuahirisha kikao ili kujadili jambo la dharura la kitaifa. Hiyo huhitaji wabunge wengine wasiopungua 15 wasimame kuiunga mkono, na mjadala wake huisha bila azimio. Watu huipenda kwa sababu ni ya haraka, halafu hushangaa kwamba hakuna waziri aliyeagizwa lolote.

Hoja ya kawaida inafaa pale ambapo sheria au sera ipo, Serikali haitekelezi, na unataka Bunge zima liseme hivyo na kuweka muda.

Hatua ya 2: Pima kama jambo linaruhusiwa

Fungua kwanza Jedwali la Nne la Katiba. Elimu ya chekechea, vyuo vya kiufundi vya vijijini, zahanati za kaunti, ambulensi, maji na usafi ni kazi za kaunti. Shule za msingi na za upili, hospitali kuu za rufaa na barabara kuu za kitaifa ni za Serikali ya Kitaifa. Rasimu inayomtaka Waziri wa Elimu ajenge madarasa ya chekechea itakwama mapema, na hata ikipita, Waziri atajibu kwa sentensi moja kwamba hiyo si kazi yake, naye atakuwa sahihi.

Kisha angalia mambo haya:

- Je, Bunge limeshaamua jambo lilelile ndani ya miezi 6 iliyopita katika kikao hichohicho cha mwaka? Likiwa limeamua, subiri. Pekua Hansard (kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge) na orodha ya hoja katika tovuti ya Bunge.
- Je, jambo liko mahakamani? Spika anaweza kuzuia mjadala unaoweza kuathiri kesi inayoendelea.
- Je, rasimu inamtuhumu mtu? Spika ana mamlaka ya kukataa hoja yenye madai ambayo mbunge hawezi kuyathibitisha. Mienendo ya Rais au jaji haiguswi ila kwa hoja mahususi iliyotolewa taarifa kwa ajili hiyo.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi kabla ya kuandika

Tafuta vitu vitatu: kifungu cha sheria kinachobebesha wajibu, mgao wa bajeti wa miaka miwili au mitatu, na hali ilivyo mashinani. Kwa takwimu za Serikali, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma inatakiwa kuamua kuhusu ombi lako ndani ya siku 21, kwa hiyo tuma ombi mapema na uweke nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, kimya chao nacho ni hoja ya kutajwa bungeni, lakini tu kama una ushahidi kwamba waliulizwa.

Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ndizo chanzo kisichopingika kirahisi. Habari ya gazeti ni mwanzo wa uchunguzi, usiifanye msingi wa hoja.

Hatua ya 4: Andika rasimu

Hoja nzima kwa kawaida ni sentensi moja ndefu. Huanza na "KWAMBA", hufuata vipengele vya utangulizi vinavyotenganishwa kwa nuktamkato, kisha huja azimio. Mbunge anaweza kuiwasilisha kwa Kiswahili, maana Ibara ya 120 inakitaja miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Ila anayeanza kuchangia kwa Kiswahili hutakiwa kumaliza kwa Kiswahili, kwa hiyo muulize mbunge wako mapema atazungumza kwa lugha gani.

Tuchukue mfano wa sodo shuleni. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2017 yaliongeza kifungu cha 39(k), kinachompa Waziri wajibu wa kutoa sodo bila malipo kwa wasichana waliobaleghe walio katika shule za umma, pamoja na njia salama ya kuzitupa. Rasimu dhaifu husomeka hivi:

*KWAMBA, likifahamu kuwa wasichana wengi wanateseka kwa kukosa sodo; Bunge hili linahimiza Serikali iangalie suala hili kwa makini na kuchukua hatua zinazofaa.*

Hakuna sheria iliyotajwa, hakuna mwenye kujibu, hakuna tarehe. Waziri akipiga simu moja tu, ataandika kwamba hatua zinazofaa zimechukuliwa. Linganisha na hii:

*KWAMBA, likitambua kuwa kifungu cha 39(k) cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinampa Waziri wajibu wa kutoa sodo bila malipo, za kutosha na zenye ubora kwa kila msichana aliyebaleghe na kusajiliwa katika taasisi ya umma ya elimu ya msingi; likitambua pia kuwa kifungu hicho kinahitaji njia salama ya kuzitupa isiyoharibu mazingira; likijali kwamba shule hazina ratiba iliyochapishwa ya lini zitapokea sodo hizo; Bunge hili linaazimia kwamba Serikali, kupitia Wizara ya Elimu, (a) ichapishe kabla ya kila muhula ratiba ya usambazaji kwa kila kaunti ndogo; na (b) iwasilishe bungeni, ndani ya miezi 3, orodha ya shule za umma zisizo na mahali salama pa kutupia sodo zilizotumika, pamoja na mpango wa kuzipatia.*

Kipengele cha kutojulikana kwa ratiba kihakikishwe kwa ushahidi wa Hatua ya 3 kabla hakijaachwa hapo. Kila "likijali kwamba" ni dai ambalo mbunge anaweza kudaiwa alithibitishe papo hapo.

Angalia uchaguzi wa wizara. Mwaka 2017 utekelezaji wa mpango huu ulihamishiwa idara inayosimamia jinsia, ilhali sheria inamtaja Waziri wa Elimu. Ukiandika "kupitia wizara husika", kila upande utasema mwenzake ndiye husika. Mtaje yule ambaye sheria imembebesha wajibu. Kama ameukabidhi kwa mwingine, aeleze mwenyewe mbele ya kamati.

Kipengele (b) kimewekwa makusudi. Watu huzungumzia pakiti za sodo na kusahau kwamba mtoto anazibadilisha shuleni, mara nyingi katika choo cha shimo kisicho na mlango unaofungika wala pipa. Sheria imeligusa hilo waziwazi, na hoja nzuri huibua sehemu ya sheria ambayo hakuna anayeifuatilia.

Utangulizi usizidi vipengele vinne. Maazimio yasizidi matatu. Ukiweka saba, Wizara itatekeleza yale mawili rahisi na kuripoti mafanikio. Epuka "iangalie uwezekano", "iharakishe" na "iweke mikakati". Tumia vitenzi vinavyoweza kukaguliwa: ichapishe, iwasilishe, ikague, ilipe. Kuhusu fedha, azimio haliwezi kuchota pesa kutoka Mfuko Mkuu wa Serikali. Kama jambo linahitaji mgao, azimio liitake Serikali iweke kiasi hicho kwenye makadirio yajayo ya bajeti, na ufuatilie kwenye kamati ya bajeti.

Hatua ya 5: Wasilisha kwa Karani

Mbunge hutia saini na kuipeleka rasimu kwa Karani wa Bunge. Maafisa wake huikagua lugha na utaratibu, kisha huenda kwa Spika kuidhinishwa. Ambatisha nakala za vifungu vya sheria na takwimu. Afisa asiyelazimika kuzitafuta mwenyewe huimaliza kazi haraka. Rasimu ikirudishwa na marekebisho, soma sehemu ya azimio neno kwa neno kabla ya mbunge kukubali. Tarehe ya mwisho ndiyo hupotea kimyakimya katika kulainisha lugha.

Hatua ya 6: Taarifa ya hoja na kupata nafasi

Hoja ikishaidhinishwa, mbunge huisoma bungeni muda wa Taarifa za Hoja ukifika. Kuanzia hapo iko mikononi mwa Kamati ya Shughuli za Bunge, inayopanga ratiba. Hoja za wabunge binafsi hupewa kipaumbele kikao cha Jumatano asubuhi. Foleni huwa ndefu, kwa hiyo mbunge azungumze na kiranja wa chama chake na wanakamati hao bila kusubiri kuitwa. Wanachama wa kikundi chenu wanaoishi katika maeneobunge mengine wawaandikie wabunge wao pia.

Hatua ya 7: Siku ya mjadala

Kwa kawaida mtoa hoja hupewa dakika 20, wachangiaji dakika 10 kila mmoja, na dakika 10 za mwisho ni za mtoa hoja kujibu. Hakikisha muda uliotajwa kwenye Orodha ya Shughuli ya siku hiyo. Lazima awepo mbunge wa kuiafiki hoja. Asipokuwepo, hoja inaanguka pale pale, na hiyo ni ajali ya uzembe mtupu. Mtafute wa kuafiki kutoka upande wa pili wa Bunge ikiwezekana, na umpe kurasa mbili za maelezo siku moja kabla. Wape wachangiaji wengine wanne au watano ukweli tofauti tofauti, ili wasirudie hotuba moja.

Akidi, yaani idadi ya chini inayohitajika kuendesha kikao, ni wabunge 50. Jumatano asubuhi viti huwa vingi kuliko watu, na mbunge yeyote akilalamikia akidi, kengele hupigwa. Wasipofika wa kutosha kikao huahirishwa. Thibitisha mahudhurio ya marafiki wa hoja jioni ya Jumanne.

Mtu akileta marekebisho, angalieni tu yanavyoligusa azimio. Marekebisho ya utangulizi kubalini. Yanayofuta tarehe au jina la wizara yapingwe kwa nguvu.

Hatua ya 8: Siku 60 baada ya kupitishwa

Kanuni za Kudumu, yaani kanuni za kuendesha shughuli za Bunge, zinamtaka Waziri husika kutoa ripoti kwa kamati ya Bunge ndani ya siku 60 tangu azimio kupitishwa, kwa mujibu wa Ibara ya 153(4)(b). Chukua Hansard ya siku hiyo na nakala ya azimio lilivyopita. Siku ya 45 mbunge amwandikie mwenyekiti wa kamati ya idara husika akiuliza ripoti imefika wapi. Siku 60 zikipita kimya, aandike kwa Kamati ya Utekelezaji, ambayo kazi yake ni kufuatilia maazimio ya Bunge, na aombe kauli bungeni kuhusu kuchelewa huko. Ripoti ikifika, iwekeni sambamba na azimio, kipengele kwa kipengele, na mpeleke ushahidi wa mashinani kwa karani wa kamati kabla Waziri hajaitwa kuhojiwa.