SOMO: Namna ya kuwapata watu wa mtaani watakaozitangaza kazi za vijana

Vikundi vingi vya vijana hufanya kazi nzuri ambayo hata jirani wa nyumba ya pili haijui. Wasimamizi hukimbilia mabango, au humtafuta mtu maarufu aje siku moja apigwe picha. Mimi naamini tuanze na watu ambao mtaa tayari unawasikiliza.

Hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1955 watafiti wawili wa mawasiliano, Elihu Katz na Paul Lazarsfeld, walichapisha matokeo ya mahojiano na wanawake wa mji wa Decatur, Illinois. Waliona kwamba habari za redio na magazeti mara nyingi huwafikia watu kupitia wenzao wachache wanaowaamini, na kwamba wachache hao wamo katika kila tabaka, wala si juu tu.

Hatua ya 1: Andika unachotaka kisemwe

Sentensi moja inatosha, na iwe na ombi ndani yake. "Tunasaidia vijana" haimwelekezi mtu popote. "Vijana wetu wanafundishana hesabu kila Jumamosi na wanahitaji watu wazima wawili wa kukaa nao" inampa msikilizaji cha kufanya.

Hatua ya 2: Waulize vijana wenyewe

Hapa ndipo penye kazi, msipaharakishe. Search Institute, taasisi ya utafiti wa makuzi ya vijana ya Minneapolis, Marekani, ina orodha ya mambo 40 yanayomjenga kijana. Mojawapo ni kuwa na watu wazima watatu au zaidi, mbali na wazazi wake, wanaomsaidia. Ligeuzeni jambo hilo liwe swali: "Ukiwa na jambo zito usiloweza kumwambia mzazi, unakwenda kwa nani?"

Kila kijana aandike peke yake kwenye karatasi. Mkiuliza kwa sauti, wa kwanza akitaja jina, wengine watamfuata. Kisha kusanyeni karatasi na mtazame majina yanayojirudia. Mtashangaa: fundi baiskeli, kocha asiye na cheo, mama mshonaji, mzee anayefungua maktaba asubuhi. Nendeni kwa hao, na kila mmoja mumwulize yeye humwamini nani. Majina mapya yakikoma kutokea, orodha imetosha.

Hatua ya 3: Chujeni

Anayegombea cheo asubiri hadi uchaguzi upite, la sivyo kikundi kitahesabiwa kuwa cha upande wake. Angalieni pia kama orodha ina wanawake, watu wenye ulemavu na wasemaji wa lugha zote za mtaa. Na yeyote ambaye vijana wanamkwepa, hata kama hawasemi sababu, mwacheni.

Hatua ya 4: Waonyesheni kazi, msiwaandikie maneno

Mwalikeni mtu akae na vijana saa moja au mbili, kisha mwulizeni ameona nini. Majibu yake ndiyo tangazo lenu. Mkimpa karatasi ya kusoma, mtaa utajua papo hapo kwamba maneno si yake.

Hatua ya 5: Kila mtu na baraza lake

Kocha aseme uwanjani, mshonaji aseme na wateja wake, mwenye ulimi mwepesi aende redio ya jamii. Msimhamishe mtu kutoka mahali anapoaminiwa.

Na vijana je?

Nao waseme, tena sana. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Lakini mtafiti Roger Hart, katika andiko lake la mwaka 1992 kwa UNICEF, alichora ngazi ya vidaraja 8 vya ushiriki, na vitatu vya chini hakuvihesabu kuwa ushiriki kabisa: kuwatumia watoto, kuwafanya pambo, na kuwaweka kwa jina tu. Kijana anayekariri hotuba ya msimamizi yuko huko chini.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, shikamoo. Viongozi wa mtaa hawatakasirika tukiwapita?*

Marahaba. Watakasirika wakizisikia habari kwa wengine. Nendeni kuwaarifu mapema, muwaombe baraka, na kama majina yao yametokea kwenye karatasi za vijana, waingizeni.

*Msemaji wetu mmoja anataka alipwe. Tufanyeje?*

Nauli na gharama za simu mlipieni, hiyo ni haki yake. Kumlipa ili asifu kutaondoa imani ya watu kwake, nanyi mtapoteza mlichokuja kutafuta. Ikiwa anaendesha kipindi kila wiki, hiyo ni kazi; alipwe waziwazi.

*Dada mwalimu, tuna kijana wa miaka 16 aliyeacha dawa za kulevya. Yeye mwenyewe yuko tayari kutoa ushuhuda redioni. Tumruhusu?*

Ndugu yangu, nakuomba usiruhusu kwa namna hiyo. Yeye bado ni mtoto, na sauti ikishaingia kwenye intaneti huwezi kuirudisha. Akiomba kazi miaka ijayo, mwajiri atakutana nayo. Mwache aeleze anachokifanya sasa: anafundisha nani, anatengeneza nini. Hata kwa hilo pata ridhaa yake na ya mlezi wake, na umwambie wazi kwamba anaweza kubadili mawazo hata dakika ya mwisho bila kuulizwa sababu. Historia yake ni mali yake. Akiwa mtu mzima ataamua.

*Tutajuaje kama imefanya kazi?*

Kila anayekuja kujitolea au kumleta mtoto, mwulizeni: "Nani alikuambia?" Andikeni jina la mtu, msiandike "redio" au "mkutano" tu. Baada ya miezi michache mtaona ni nani watu humfuata, na ni nani mmwombe arudi tena.