Jinsi ya kuchora fuvu, mama asije akadhani umeanza uganga

Wengi wanalikosea fuvu mwanzoni kabisa, macho wanayapandisha juu kwenye paji halafu wanashangaa mbona limekuwa kama lile la HATARI kwenye transfoma. Matundu ya macho yanakaa katikati, pima toka utosini mpaka kidevuni ugawe mara mbili. Pua usichore, ile ni gegedu inaoza, linabaki tundu kama kopa iliyopinduliwa. Masikio nayo hamna. Taya la chini lichore peke yake maana ni mfupa unaojitegemea.

Ukipata nafasi nenda Makumbusho ya Taifa pale Posta, Dar es Salaam, ukaangalie fuvu la Zinjanthropus, zamadamu wa kale, lile mtafiti Mary Leakey aliloliokota Olduvai 1959, ila usilikopi zima zima, sio la mtu kama sisi, magego yake makubwa mno na utosini lina ukingo.

Kivuli tumia mkaa wa jikoni, chagua vipande vyepesi, pakaa kwenye manila, sugua kwa kidole. Ukimaliza puliza spreya ya nywele usifutike.

Sasa fuvu peke yake halisemi kitu, ni bango tu. Kinachofanya mtu akumbuke kwamba duniani tunapita ni kile ulichoweka pembeni yake. Waholanzi miaka ya 1600 waliweka mshumaa uliozimika, saa, maua yanayonyauka. Mchoraji Holbein mwaka 1533 yeye alichora mabwana wawili wamevaa wakapendeza, chini ya miguu yao kuna kitu kimevutwa kama doa, ukisogea pembeni ndio unaona kumbe fuvu! Mchoraji Posada wa Meksiko akavalisha mifupa kofia ya kitajiri na meno nje, huyo ndio namkubali zaidi maana unacheka kwanza, kuogopa baadaye.

Wewe mshumaa wa Mholanzi wa nini? Weka simu iliyopasuka kioo, chaji asilimia 1. Mimi niliweka embe dodo, nikawa nalichora kila jioni, siku ya kwanza linang'aa, ya pili vidoa vyeusi, ya tatu ngozi imejikunja pale kwenye kikonyo na nzi wawili hawabanduki. Siku ya nne narudi sikuti embe, mdogo wangu kalila, eti lilikuwa linaharibika bure. Kaacha kokwa kwenye sahani, nyuzi zimesimama kama mvi, nikalichora hilo hilo.