Jinsi ya kuyasoma majengo ya Kim Swoo-geun jijini Seoul kwa siku moja

Kim Swoo-geun (1931–1986) ni msanifu majengo wa Korea Kusini ambaye ufundi wake wa matofali bado unaonekana kila pembe ya Seoul. Picha hazimtoshi, majengo yake yanahitaji mwendo. Nenda kati ya Jumanne na Ijumaa, maana Jumatatu makumbusho hufungwa na Jumapili kanisani kuna ibada.

Anzia kituo cha Anguk, njia namba 3 ya treni ya chini ya ardhi. Jirani na kasri la Changdeokgung kuna jengo la matofali meusi lililotambaliwa na mimea. Hapa palikuwa ofisi yake na ya jarida la Space, alilolianzisha 1966. Tangu 2014 ni makumbusho ya Arario. Wageni wengi huishia kutazama sanaa iliyotundikwa na kulisahau jengo lenyewe. Inua macho uangalie dari: mahali fulani inakukaribia kichwani, hatua chache mbele chumba kinapaa ghafla. Sakafu zimepishana kwa nusu ghorofa, kwa hiyo hesabu ya ghorofa itakupotea tu. Beba begi dogo, ngazi ni nyembamba mno. Katika ukumbi mdogo wa chini ndiko ngoma za samul nori, muziki wa ala nne za jadi za Kikorea, zilipopigwa mara ya kwanza, 1978.

Panda tena njia namba 3 hadi Chuo Kikuu cha Dongguk, ukaone Kanisa la Kyungdong (1981). Mlango usiutafute mbele. Fuata ngazi zinazouzunguka ukuta hadi nyuma. Ameziweka hivyo kusudi, ili kelele za barabara zikuishe masikioni kabla hujaingia. Gusa matofali mekundu: yamevunjwa, na upande uliovunjika ndio uliotazamishwa nje. Omba ruhusa ya kuingia.

Badilisha treni Chungmuro uende Hyehwa. Majengo mawili ya Arko, jumba la sanaa na ukumbi wa maonyesho, yanahitaji jua la pembeni, basi fika alasiri. Kukiwa na mawingu, matofali yaliyochomozwa hayatupi kivuli na ukuta unaonekana bapa.

Malizia Namyeong, kituo kimoja baada ya kituo cha treni cha Seoul, njia namba 1. Usiparuke. Jengo hili la 1976 lilikuwa la polisi kuhojia washukiwa, na humo mwanafunzi Park Jong-chul aliteswa hadi kufa Januari 1987. Ngazi za mzunguko zinapanda kutoka mlango wa nyuma moja kwa moja hadi ghorofa ya tano, ili aliyefungwa macho asijue amefika wapi. Ni ujuzi uleule wa Anguk, ila hapa umetumika kumvunja binadamu. Kagua pia madirisha, membamba kama nyufa, na milango ya vyumba: imepishanishwa ili mfungwa asimwone mwenzake.